Nilivyomkata Mjomba kwa Mujibu wa Sheria

Mimi ni mtu wa kanuni. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure huko mbele. Kwenye basi nasubiri lisimame kabisa ndipo niinuke, kama kibao kinavyoagiza, na kwa utii huo nimepitishwa kituo changu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikipewa fomu naisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini. Mama mdogo, aliyenipokea Landani nikiwa na sanduku moja na sweta isiyofaa kitu, alikuwa akisema kwamba siku yangu ya kufa ikifika nitauliza kwanza kama nina ruhusa.

Mchana narekebisha kompyuta za shule. Jioni na Jumamosi nafanya kazi isiyo na mshahara, na hiyo ndiyo ninayoiita kazi yangu. Natunza vifurushi. Wapo watu duniani kote wanaoandika programu za kompyuta na kuzitoa bure, chanzo chake kikiwa wazi, kila mtu asome, abadilishe na agawe apendavyo. Lakini programu ikitoka mikononi mwa mwandishi ni kama mchele usiochaguliwa. Lazima atokee mtu autoe mawe, aufunge vizuri, aubandike lebo na kuupeleka ghalani, ili mtu wa Kigoma akibonyeza mara moja imfikie iliyo tayari. Mtu huyo ni mimi, pamoja na wenzangu ambao wengi wao sijawahi kuwaona sura. Mimi katika mgawanyo nilipewa programu ya kuonyesha video, na niliipenda kama wengine wanavyopenda timu zao za mpira.

Tatizo la video ni hataza. Wengine husema patenti, lakini mimi hupenda neno lenye adabu zaidi. Video ikirekodiwa hukunjwa ili iingie mahali padogo, na wakati wa kuitazama lazima kuwe na kipande cha programu cha kuikunjua. Sisi tunakiita king'amuzi, kama kile cha televisheni, ila hiki hakishikiki. Na namna ya kukunja na kukunjua, yaani wazo lenyewe, ina wenyewe. Wameliandikisha. Nilijaribu kumweleza mama mdogo jambo hili jikoni kwake Tooting, mtaa wa kusini mwa Landani, akiwa anakanda unga wa maandazi.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu akiandikisha serikalini kwamba namna fulani ya kutia iliki kwenye maandazi ni ubunifu wake, mimi niache?"

"Uache kuyagawa. Au umlipe kwa kila andazi."

"Hata kama nimebuni mwenyewe, humu jikoni, simjui wala hanijui?"

"Hata hivyo."

"Na kama nagawa bure?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi, mama. Anayeuza anajua ameuza mangapi, atalipa. Sisi tunaogawa hatujui yamefika wapi. Mtu mmoja anachukua, anawapa kumi."

Akafikiri, mikono imejaa unga. "Basi nitawapa unga mbali na iliki mbali. Kila mtu akachanganyie kwake."

Nilimtazama kwa heshima mpya. Kuna watu katika nyanja yetu waliosumbuka miaka mingi kufikia wazo hilo, nao hugawa chanzo tu, mtu akapike mwenyewe. "Mawakili wetu wanaogopa hata hilo," nikamwambia. "Wanataka iliki isionekane kabisa nyumbani kwetu."

"Hao mawakili wenu," akauliza mama mdogo, "chai wanaishushia na nini?"

Basi siku moja ikaja barua pepe kutoka kwa wakuu wa mradi. Mfumo wetu wa kompyuta una seva na wafadhili katika nchi ambazo hataza hizi zinauma. King'amuzi cha video za simu mpya kiondolewe. Kisizimwe tu, kikatwe, hata kwenye chanzo tunachohifadhi kisibaki. Na jambo la pili: tusimwelekeze mtu yeyote mahali kinapopatikana. Kila anayetumia mfumo wetu alijua kwamba liko ghala jingine, linaloendeshwa na watu wengine katika nchi ambako hataza hizo hazina nguvu, na huko kila kitu kipo. Sisi tulitakiwa kuishi kana kwamba ghala hilo halijajengwa. Anayeelekeza, mawakili walisema, naye ana lake la kujibu.

Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi nilifurahi, na naona aibu kusema hivyo. Nilikikata kile king'amuzi kwa mkono wangu Jumamosi moja asubuhi, nikaandika maelezo marefu yenye vichwa vya habari, nikapongezwa na mtu mmoja wa Finlandi. Nilipewa pia jukumu la kusimamia ukurasa wa maswali. Mtu akiuliza, "Mbona video yangu ina sauti lakini haina picha?" nilimjibu kwa upole kwamba kwa sababu za kisheria hatuwezi kumsaidia wala kumwelekeza. Mtu akimwelekeza mwenzake, nilifuta. Kisha nilifunga mada. Mwishoni niliweka kile kikatuni cha uso unaotabasamu.

Sasa nije kwa mjomba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama mdogo, na yuko Tanga. Walikuwa hawasemezani tangu nikiwa mtoto, na chanzo ni gauni. Zamani mama mdogo alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa kutafutwa. Alishona gauni la harusi la binti wa jirani, akalikeshea wiki nzima, na siku ya harusi bibi harusi alipotokea, mjomba akasimama katikati ya ukumbi na kusema kwa sauti ile yake ya kuita mbuzi, "Hilo si gauni, hilo ni pazia!" Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Bibi harusi alilia. Mama mdogo alikwenda nyumbani, akakifunika cherehani chake kwa gunia, na hakukifunua tena. Mwaka uliofuata alikiacha nyumbani kwao, akaja Landani, akawa mlezi katika nyumba ya wazee, akawaogesha na kuwalisha wazee wa watu mpaka naye akafikia umri wa kupumzishwa.

Alipostaafu, swali likawa moja tu. Anarudi Tanga, kwenye kile kiwanja kilichopakana na cha kaka yake, au anabaki? Alilijibu mwenyewe mbele ya wanawake wote wa chama chake. "Akiniomba radhi, nakwenda kuzeeka kwetu. Asiponiomba, nitazikwa hukuhuku kwenye ubaridi. Na aniombe mbele ya watu, kwa sababu alinitukana mbele ya watu."

Maneno yalifika Tanga. Mjomba akanyamaza miezi mitatu. Kisha mgeni mmoja aliyetoka huko akashuka na furushi la dagaa, na ndani ya dagaa soksi, na ndani ya soksi flashi. Mjomba alikuwa amenunuliwa na wanawe simu mpya ya bei mbaya, akajirekodi. Video ilikuwa ndefu na nzito, haikukubali kutumwa kwa simu, ndiyo maana ikasafiri na dagaa. Alituma pia ujumbe kwamba amezima simu yake na hataiwasha mpaka kesho yake baada ya sherehe, maana hakuweza kuvumilia kusubiri matokeo.

Mama mdogo alinikabidhi ile soksi kwa mikono miwili. Sherehe ya kustaafu ilikuwa Jumapili, katika ukumbi wa mtaa karibu na soko la Tooting, na mimi ndiye mtu wa kompyuta.

"Hutaitazama," akasema.

"Lazima niijaribu, mama."

"Jaribu bila kutazama. Mimi sijaona, wewe hutaona kabla yangu. Apa."

Nikaapa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanuni, Jumamosi nilichomeka flashi, nikafumba macho, nikabonyeza. Nikasikia mjomba anakohoa, anasema, "Imeshaanza hii?" Sauti safi kabisa. Nikazima, nikafumbua macho, nikaandika kwenye orodha yangu: video, tayari.

Nijitetee kidogo. Nani kwetu aliwahi kujaribu picha? Nimehudhuria sherehe zetu Landani nzima, na katika zote nimeona kitu kimoja kikijaribiwa, nacho ni sauti. Moja mbili, moja mbili, hata mtu aliyekwenda kuazima kijiko jikoni akipita kwenye kipaza sauti atasema moja mbili. Picha tunaiachia Mungu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mama mdogo alikaa mbele peke yake kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. MC alikuwa dereva wa basi, mtu mwenye sauti nzito na maoni mengi. Safu ya pili alikaa mzee wa vitambaa, Mhindi wa Tanga ambaye sasa ana duka karibu na stesheni ya Rayners Lane. Huyu ndiye aliyeuza kitambaa cha lile gauni, na alikuwapo siku ile harusini, kwa hiyo alialikwa kama shahidi. Alivuka Landani nzima kwa treni akiwa na fimbo na boksi la vitamutamu vya ladu, na alipofika alimwambia mama mdogo, "Binti yangu, kitambaa kilikuwa kizuri. Miaka yote nimesema, kitambaa kilikuwa kizuri." Mama mdogo alimshika mkono.

MC akatangaza. Taa zikazimwa. Nikabonyeza.

"Imeshaanza hii?" akasema mjomba katika spika mbili kubwa. Ukumbi ukapiga makofi. Ukutani palikuwa peusi.

"Subiri, picha inakuja," nikasema, nikiwa na uhakika wote wa mtu asiyejua.

Mjomba akaendelea. Akawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Akauliza hali ya hewa. Ukutani peusi. Watoto wa safu ya mbele, ambao Kiswahili wanakisikia vizuri na kukijibu wanavyotaka, wakaanza, "It's just black, Uncle." Nikachomoa waya wa projekta, nikaurudisha. Peusi. Na hapo ndipo nilipoitambua hitilafu ile. Sauti ipo, picha haipo. Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara nyingi sana.

"Sasa dada yangu," mjomba akasema, na sauti yake ikapungua. "Mimi maneno ndiyo yaliyoniponza. Leo sisemi. We tazama tu."

Akanyamaza.

Ukumbi mzima ukatazama ukuta mweusi. Katika spika ikasikika tak, tak, tak-tak-tak. Kimya. Tak-tak.

"Anagonga misumari," akasema mtu.

"Anachezesha karata."

"Kuku huyo, anadonoa bati."

MC, ambaye hawezi kuona kimya akakiacha hivihivi, akachukua kipaza sauti. "Ndugu wageni, kwa mujibu wa masikio yangu, mjomba anapasua kuni. Naam, anapasua, anapumzika, ni mtu mzima, anapasua tena…"

"Hicho ni cherehani," akasema mzee wa vitambaa bila kuinua sauti. "Cherehani cha kukanyaga. Nimeviuza mimi. Na mkanda wake umelegea."

Mama mdogo aligeuka, akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi. "Anafanya nini na cherehani changu?"

"Sijui, mama."

"Ameniomba radhi au anaendelea kunicheka?"

Swali lile lilinikata maini. Katika spika tulisikia viti vinasogezwa, minong'ono ya watu wengi, mtu akisema "shshsh," kisha nyayo zinatembea, zinarudi, na ghafla kicheko cha mtaa mzima, kicheko kilekile cha kuegemeana. Video ikakatika. Uso wa mama mdogo ulikuwa kama amerudishwa kwenye ile harusi.

"Amenicheka," akasema.

"Mama, hatujui. Picha ipo, ila king'amuzi…"

"Kiko wapi?"

"Kimetolewa. Kisheria."

"Na nani?"

MC akaniletea kipaza sauti, maana alidhani nina maelezo ya kiufundi, na hivyo jibu langu likasikika hadi jikoni. "Na mimi."

Mapendekezo yakamiminika. Apigiwe simu mjomba: imezimwa. Iwekwe kwenye simu ya mtu: flashi yenyewe ya kizamani, hakuna simu pale iliyokuwa na tundu lake, na waya wa kuihamishia hakuna aliyekuja nao. Mtunza ukumbi, Mwingereza mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa na kompyuta ofisini, lakini alisema kanuni zao haziruhusu kuchomeka flashi ya mgeni. Akaonyesha bango. Nilisoma bango lote, na kwa mara ya kwanza maishani niliichukia kanuni iliyoandikwa vizuri. Aliongeza kwamba saa kumi na mbili kamili anafunga. Ilikuwa imebaki nusu saa na dakika chache.

Ilibaki njia moja: lile ghala jingine. Na hapa nitasema ukweli hata kama unanidhalilisha. Sikujua anwani yake. Kwa ucha Mungu wangu sikuwahi hata kuchungulia; hata jumbe za kuelekeza nilizifuta bila kuzisoma. Basi nikaunganisha kompyuta na mtandao wa simu ya MC, nikaandika swali langu kama mtu yeyote asiye na msaada: sauti ipo, picha haipo, nifanyeje?

Jibu la kwanza lililotokea lilikuwa la ukurasa wetu wa maswali. Nikalibonyeza, nikasahau kwamba kila nilichokuwa nakiona mimi kilikuwa ukutani, kikubwa kama mlango wa gereji.

Mtu mmoja aliuliza kuhusu video ya harusi ya dada yake. MC, kwa faida ya wazee, akaanza kutafsiri kwa kipaza sauti. "Haya, tuna bahati, mwenzetu ameuliza swali letuletu. Na amejibiwa! Anasema… 'Asante sana kwa swali lako.' Mtu wa adabu huyu. 'Kwa sababu za kisheria hatuwezi kukupatia kipande hicho, wala kukuelekeza kilipo. Mada hii imefungwa.' Halafu ameweka kijiuso kinachocheka." Akanyamaza. "Nani huyu mshenzi?"

Pembeni ya jibu palikuwa na picha yangu ya kitambulisho cha kazini, nimevaa tai.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Mama mmoja alilazimika kutolewa nje apate hewa. Mzee wa vitambaa alijifuta machozi kwa kilemba cha jirani yake. Mama mdogo peke yake ndiye hakucheka. Aliinuka, akaja taratibu mpaka mezani, akainama karibu na sikio langu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimewavumilia wazee wa watu wakiniita majina ambayo si yangu. Nimevumilia theluji. Hili moja sitaliweza. Nataka kumwona kaka yangu."

Nikakumbuka kitu. Chini ya lile jibu langu palikuwa na mstari wa kijivu: ujumbe mmoja umefutwa na msimamizi. Msimamizi ni mimi. Na msimamizi anaweza kuona alichokifuta.

Nikaingia kwa nywila yangu, mbele ya watu themanini na MC anayetangaza kila herufi ninayokosea. Ujumbe ukafunuka. Mtu wa mbali, simjui wala hanijui, alikuwa ameandika kwa ukarimu mkubwa hatua zote, anwani ya ghala na amri mbili za kuandika, na mwisho akaongeza, pole kwa usumbufu, hongera kwa harusi. Juu yake sababu ya kufutwa, kwa mkono wangu: anaelekeza.

Nikafuata maelekezo. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Mtandao wa simu ya MC ulikuwa unakuja kwa matone. Mtunza ukumbi alisimama mlangoni akichezesha funguo, na wale wanawake wa chama wakampelekea sahani ya pilau, akaanza kula huku anatazama saa, kisha akala bila kutazama saa.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, nikabonyeza tena, na mjomba akatokea.

Alikuwa amezeeka. Ukumbi wote ulisikika ukivuta pumzi. Mama mdogo akasema polepole, "Nywele zimekwenda wapi?"

Alikuwa uani kwake, na mtaa mzima umemzunguka, umekatazwa kusema. Mbele yake cherehani cha mama mdogo, na lile gunia limekunjwa pembeni. Alikuwa anashona. Anashona vibaya, jamani, ulimi umetoka nje, kitambaa kinamkimbia. Nyuma yake ilionekana nyumba, na dirisha la sebule lilikuwa wazi, chuma tupu. Kisha akainuka, akakikung'uta alichokishona, akakivaa kichwani mpaka miguuni, juu ya suruali na shati. Lilikuwa gauni. Maua makubwa mekundu, na kiunoni bado yamebaki matundu ya kupitishia waya wa pazia.

Alivua pazia la dirisha lake akajishonea gauni. Akalivaa mbele ya majirani zake wote, mzee yule mwenye kiburi, akatembea kutoka mlangoni hadi kisimani kama bibi harusi, akageuka, akarudi. Alikuwa akilia. Mtaa ulijizuia ulivyoweza, kisha ukashindwa, na kile kicheko tulichokisikia kikapasuka. Yeye akasimama katikati yake na kupiga goti, akiangalia moja kwa moja kwenye simu, mpaka video ikakatika.

"Is that gentleman all right?" mtunza ukumbi akauliza kama yule bwana yu mzima, mdomo umejaa pilau.

Wote tulikuwa tunamtazama mama mdogo. Alisimama karibu kabisa na ukuta, kivuli chake kimeangukia pale alipokuwa kaka yake.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Hapo anapogeuka. Simamisha."

Nikasimamisha. Akaweka kidole ukutani.

"Pindo limekwenda upogo," akasema. "Na mkono huu ameugeuza nyuma mbele. Atawezaje kuinua mkono huyu? Mjinga. Mjinga mkubwa kaka yangu." Na hapo ndipo akalia, na kucheka, vyote kwa pamoja, na mzee wa vitambaa akainuka na fimbo yake kuja kumshika bega.

"Kitambaa ni kibaya lakini," akasema mzee.

Mtunza ukumbi alifunga saa kumi na mbili na robo. Sijamlaumu.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza mama mdogo Rayners Lane. Alipekua duka zima, akachagua kitambaa cha pazia, mita za kutosha dirisha moja la sebule, na mzee akampimia kwa mkono wake mwenyewe, akamwongezea kipande. Mwezi uliofuata akapanda ndege.

Mimi sikuacha kanuni. Niliulizwa na wengi, kwa hiyo nasema. King'amuzi bado hakimo katika kifurushi changu, na bado simwelekezi mtu. Hata kwenye kompyuta ile nilikiondoa nilipofika nyumbani, maana ndiyo ninayopimia vifurushi na inatakiwa iwe safi. Ila niliongeza kitu kimoja. Zamani video ya namna ile ilionyesha weusi tu, bila neno. Sasa unatokea ujumbe mfupi: Picha ya video hii tumeiondoa sisi, kwa sababu za kisheria. Si kosa la mjomba wako. Wenzangu waliuliza mjomba ametoka wapi. Niliwaambia ndivyo tunavyosema kwetu, na mtu wa Finlandi akaupitisha.

Juzi mama mdogo alinitumia video kutoka Tanga, safari hii kwa kiungo cha mtandao. Nikaifungua. Ujumbe wangu ukaniambia kwamba si kosa la mjomba wangu, kisha kioo kikawa cheusi.

"Najua huoni kitu," ikasema sauti ya mama mdogo, "wewe na sheria zako. Haya, tega sikio nikueleze. Hapa ni sebuleni. Dirisha lina pazia jipya, limekaa vizuri, pindo limenyooka. Mjomba wako yuko kwenye kiti, amenuna."

"Sijanuna," akasema mjomba.

"Amenuna. Mimi niko kwenye cherehani." Tak, tak-tak-tak. "Unasikia? Mkanda nimeubadilisha."

Ningeweza kukileta king'amuzi kwa mistari miwili, sasa naijua kwa moyo. Sikukileta. Nilikaa nikasikiliza wakigombana juu ya vifungo mpaka karibu na mwisho, alipoacha kukanyaga na sauti ikasogea.

"Na hapa, katikati yetu, kuna kiti cha tatu. Hakina mtu. Hicho ni chako, mwanangu, na huhitaji ruhusa."

Kioo kilikuwa cheusi tii, na naapa kile kiti nilikiona.